Magunia ya Dawa ya Nzige

Flavian wa Msanzi alishuka bonde la Rukwa misimu mitatu kuua nzige. Alichanganya dawa na pumba kwa mikono mitupu, na kila aliporudi alibeba magunia matupu ya dawa. Yalisifiwa sana kijijini, kwa sababu wadudu hawakuyagusa.

Miaka mitano ya ndoa ikapita bila mtoto. Mama yake akaamua kwamba Dominika, mkewe, arudishwe kwao baada ya mavuno. Flavian akaenda Sumbawanga kwa siri, akapimwa.

“Hakuna mbegu hata moja,” daktari alisema. “Kwenu kuna mwanamume asiyezaa?”

“Hakuna, bwana. Baba alizaa tisa.”

“Basi pengine si mambo ya damu. Umefanya kazi gani?”

Flavian akamweleza habari za dawa na magunia. Daktari akaweka kalamu chini. “Hayo magunia yako wapi sasa?”

Alipofika nyumbani alimkuta Dominika amekwisha kufunga mzigo wake na kujitwika. Eustace, mdogo wake Flavian aliyeoa wakati wa Pasaka, alikuwa barazani pamoja na mama yao, akinywa pombe ya ulezi.

“Mama, si yeye,” Flavian alisema. “Ni mimi. Nimepimwa.”

Mama akacheka. “Amekulisha nini huyu? Ukoo wetu haujatoa mgumba!”

“Mama, ulezi unauweka wapi?”

“Si kwenye magunia yako, baba? Tangu msimu wa kwanza. Mawili amechukua Eustace, ametandika kitandani.”

Dominika akautua mzigo. Eustace akakitazama kibuyu mkononi mwake, asinywe tena.