Wimbo Usio na Pa Kupumulia

Baba alinitoa kwaya nikiwa darasa la saba. Alisema sauti yangu ni ya mbuzi aliyefungwa vibaya, na kwa vile yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa letu pale Kitengela, hapakuwa na wa kumkatia rufaa. Mama, aliyeimba sauti ya pili, alinyamaza. Kunyamaza ndiyo iliyokuwa kazi yake kubwa katika ndoa ile.

Miaka ikapita, nikapata kazi Athi River lakini bado nalala kwa wazazi. Ofisi ilipobadilisha kompyuta zake, nilipewa moja kuukuu. Mama akaifumia kitambaa cha kuzuia vumbi, kama vile vya makochi. Rafiki akaniwekea programu ya kutunga muziki: unapanga noti, zinaimbwa na watu wasiokuwepo, sauti zote nne. Hao hawakuniuliza habari za mbuzi. Nikitoka kazini nilikaa pale mpaka chai ipoe.

Kanisa jipya lilipokaribia kufunguliwa, nilitunga wimbo. Nilitaka kitu kimoja tu: baba auimbishe. Niliuandika kwa do-re-mi, maana kwaya yetu haikujua noti nyingine, nikauchapisha, nikampelekea. Aliusoma kwa kidole, midomo ikicheza, kisha akatabasamu. Ningelijua tabasamu lile, ningeuchana palepale.

"Nitaimbisha vile umeandika," akasema. "Hata nukta siongezi."

Siku yenyewe nilivaa rinda jipya nikakaa mbele. Mwanzo ulikuwa mtamu, nikabana midomo nisilie. Kisha mstari ukaendelea. Ukaendelea tu. Waimbaji wa kompyuta hawakuwahi kuhitaji hewa, nami sikuwahi kukumbuka kwamba watu huihitaji. Besi walikatika kwanza. Soprano mmoja akaanza kukohoa. Mama alikuwa amekodoa macho, mishipa ya shingo imesimama, na baba anapunga mkono bila haraka, mpaka wote wakanyamaza.

Ndipo akawageukia waumini.

"Huu wimbo umetungwa na msichana wangu na kompyuta. Kompyuta haina mapafu. Sasa tuimbe wimbo ya watu."

Kanisa zima likacheka. Nje, mzee wa Kimaasai aliyetoa kiwanja akanishika mkono. "Nakerai, mtoto wangu, hawa watu walikukosea nini?" Akacheka mpaka akaegemea fimbo. Nilimchukia baba siku ile, na bado sijaona sababu ya kuacha.

Jioni nilimfuata mama jikoni.

"Kwani hamkufanya mazoezi?"

"Tulifanya. Alhamisi." Alikuwa anachambua ndengu. "Baba yako alikuwa ametuwekea pa kupumua, na penseli. Tukaimba mpaka mwisho. Ilikuwa tamu, msichana wangu. Hata yeye alisahau kushusha mkono. Halafu akafuta penseli, akasema Jumapili ni vile imeandikwa, na mwenye atapumua atoke kwaya."

"Na hukuniambia."

Akaendelea na ndengu zake.

Nikamwomba aniimbie, hata ile sauti yake ya pili peke yake, nisikie ilivyokuwa. Alifungua mdomo, akatazama mlangoni, kisha akasema ameisahau.