Vikao Ishirini vya Oksijeni

Matibabu yote pamoja yalinigharimu laki moja na elfu themanini na sita. Nimehesabu mara mbili, ya pili nikitumaini nilikosea. Laki moja ilikuwa mkopo wa chama cha akina mama Kawangware, ambacho dada yangu ni mweka hazina. Iliyobaki ilikuwa mtaji wangu wa kuuza omena, dagaa wa ziwani, hapa Kisumu Ndogo.

Nina sukari. Kidonda cha kidole gumba cha mguu kilikaa miezi kikikataa kufunga. Daktari akanieleza taratibu: tukate kidole sasa, au tujaribu chemba ya oksijeni, vikao thelathini, bila ahadi.

"Tutaamua pamoja, mama. Wewe unaonaje?"

Mtu akikutajia thelathini halafu akuulize unaonaje, sokoni kwetu hiyo ni bei ya kuanzia.

"Kumi na tano," nikasema.

"Mama, hii si omena."

"Basi kumi na nane, na sitachelewa hata siku moja."

Alicheka, akarudia kwamba thelathini ndivyo alivyoshauri. Mwishowe akakubali tuanze na ishirini, tuangalie. Nilitoka pale nikichechemea kama mshindi.

Chemba ni bomba kubwa la plastiki ngumu. Unalazwa ndani na gauni la pamba, bila simu, bila hata mafuta ya kujipaka. Masikio yanaziba kama gari likiteremka Maai Mahiu, unameza mate mpaka yafunguke. Baada ya wiki nikazoea, nikawa nasinzia. Usingizi wa bei hiyo sijawahi kulala tena.

Vikao viliisha kidonda kikiwa kimepungua nusu. Daktari akasema kumi vingine huenda vikakifunga, huenda visikifunge, na nikikawia kitapanuka tena. Au tukate. Nikamuuliza kama thelathini mfululizo vingeniponya. Akasema hajui, na hakuna anayejua. Kisha akauliza tena naonaje. Safari hii sikutaja namba.

Jana dada alikuja kibandani, akakaa kwenye ndoo.

"Wewe nawe! Sasa ulipunguziwa nini hasa, bei au kupona?"

"Nicheke tu. Chama kinakutana lini?"

"Jumapili. Unaomba tena?"

"Sijui. Naweza kuomba pesa ya vikao kumi, au kidole kiende nianze kulipa deni. Dada, ungekuwa wewe ungefanyaje? Na usiniambie mguu ni wangu, hilo najua."