Msaada Usioandikwa Majina

Ziwa lilipopanda na kumeza barabara yetu, tulihamia kwenye darasa la shule moja ya kilimani, familia saba chumba kimoja. Mimi ni mkubwa wa watoto wanne. Mama alikufa kwanza, baba akafuata, nami nikaacha masomo mwaka wa pili wa sekondari nikaanza kuuza ndagala, vile visamaki vya ziwani. Kilichonitisha juma lile ni baba mdogo wetu anayekaa Bendera. Alituma neno kwamba anakuja Jumapili, na akikuta hatuna kwetu atagawa watoto: mmoja kwake, mmoja kwa shangazi huko Moba, wa tatu ataona. Nguzo nilikwisha kuzisimamisha kwenye kipande cha shamba la mama. Nilikosa bashi tu, lile turubai la kufunika juu.

Ijumaa mchana lori likafika kutoka Lubumbashi na mabashi, blanketi na sufuria. Waliolileta ni mama mzee na mwanawe, Wayahudi wauza vitambaa.

"Wayahudi? Wale wa Musa?" jirani yangu akauliza. "Si wangeambia tu ziwa lipasuke katikati, tupite?"

Tulicheka hadi watoto wakaamka.

Baba wa yule mama aliwahi kufanya biashara hapa, na mumewe alikuwa amefariki mwaka ule. Kwao mtu akifiwa hutoa sadaka kwa ajili ya marehemu. Hilo sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Sharti lake ndilo lilitushangaza: kila mtu angeingia stoo peke yake, afunge mlango, achukue anachohitaji.

"Bila liste ya majina, Mama?" akauliza prezida, mwenyekiti wa komite yetu ya waliohama. Stoo ilikuwa yake.

"Bila liste, Papa. Wala foto. Sitaki kujua nani alikosa nini."

Wenye watoto wachanga walipewa blanketi palepale. Kisha jua likakaribia kuzama, na siku yao ya pumziko ikawa inaanza. Hawafanyi kazi tena mpaka Jumamosi giza liingie. Wakasema tutaendelea Jumapili asubuhi, wakamwachia prezida ufunguo, wakaenda walikopanga chumba.

Jumamosi asubuhi prezida akatuita sote stoo. Alivaa suti, na mpiga picha yuko tayari.

"Yatima mbele," alisema. "Weye, vua watoto hizo nguo. Yatima gani anavaa robe ya kupigwa pasi?"

Nguo zile nilizifua mwenyewe, nikazikausha juu ya madawati.

"Ndizo nguo zao, Papa."

"Foto hii inaenda kwa wafadhili wengine. Wakiona hivi watatuma nini?" Akainama, akachovya vidole kwenye tope la mfereji, akampaka mdogo wangu wa mwisho shavuni. Akampaka na shavu la pili, polepole, kama mama anayepaka mtoto mafuta. Kidole kilikuwa na pete. Watu wazima niliokula nao chungu kimoja wakapiga makofi, maana mbele yao kulikuwa na blanketi. Nikamfuta mtoto kwa kitenge changu, nikawatoa wote watatu.

"Kiburi hicho!" akapiga kelele nyuma yetu. "Mvua ikinyesha, mujifunike nacho!"

Jumapili nikaingia stoo peke yangu, nikafunga mlango kama tulivyoagizwa. Sufuria zilibaki, blanketi nyembamba pia. Bashi hakuna hata moja. Na kwa kuwa hapakuwa na jina lililoandikwa popote, nani angesema yamekwenda wapi? Nje, yule mama alikuwa amekaa akitazama upande wa pili, kusudi asione tunatoka na nini. Heshima ile ndiyo mwizi aliyoigeuza ngazi ya kupandia.

Sikumwambia kitu. Nikaenda moja kwa moja uani kwa prezida, aliyekaa na ufunguo. Mabashi manne mapya yalifunika magunia yake ya mahindi, la tano pikipiki. Nikaanza kufungua kamba ya lile la pikipiki.

"Weye! Unafanya nini?" mke wake akaita.

"Ninachukua ninachohitaji, Mama. Njo vile walisema."

Prezida akatoka, kitabu cha nyimbo mkononi. Akatazama barabarani, lile lori likionekana vizuri kutoka kwake, na sauti ikashuka.

"Chukua, mutoto wangu. Chukua, usilete makelele."

Hilo "mutoto wangu" lilinichafua kuliko tope.

Baba mdogo alifika tukiwa tunakaza pembe ya mwisho. Akazunguka, akavuta kamba, akaingia ndani na kutafuta tundu.

"Na upepo?" akauliza.

"Nitaongeza mawe, Papa."

Akaketi, akala ugali wetu. Kesho yake alirudi Bendera peke yake.