Hata Kiberiti Kinawaka

Fundi wa meza iliyo jirani na yangu haiamini rilei, ile swichi ya sumaku, mpaka aisikie ikibofya. Huiweka sikioni kama simu, huipa umeme, huukata, huipa tena, mara hamsini, midomo ikihesabu. Ikikwama mara moja tu, inaishia kwenye kopo la takataka. Nyuma ya kila ubao anaoukamilisha huandika jina lake. Jana bosi alimletea shehena ya rilei nene, azifunge kwenye ving'ora vya friji za chanjo, vile vinavyolia umeme ukikatika kwa nguvu ya betri ndogo.

"Bosi, hii inanyonya betri muda wote inaposhika. Hapa inatosha transista, swichi isiyo na sumaku, yenyewe inaonja tu."

Bosi akabonyeza swichi ya ubao wa kwanza uliokwisha kukamilika, taa ikawaka. "Si inawaka, mama? Tena imo ndani ya boksi, nani ataiona?"

Eti nani ataiona! Fundi akakiweka chini chuma cha kulehemu. "Hata kiberiti kinawaka! Umeme ukikatika, betri imekwisha, king'ora kimya, nesi atamdunga mtoto chanjo iliyoharibika. Mtoto huyo ndiye atakayeiona."

Akaugeuza ubao, akalikwangua jina lake kwa bisibisi, akamrudishia bosi.

"Andika lako."