Ndugu wa Jukwaani

Mimi na dada yangu tumezaliwa tumbo moja, Zanzibar. Yeye amemfuata baba, mweusi. Mimi nimemfuata bibi mzaa mama, mweupe mwenye nywele za singa. Kwetu hakuna aliyeshangaa.

Tulipohamia London na mama, tuliishi kwa kuimba. Siku moja tukasikia kwamba mchezo wa nyimbo uliokuwa jukwaani miaka mingi unatafuta waigizaji wapya wa nafasi za kaka na dada. Tangu uanze, nafasi hizo walipewa watu weusi. Tukaenda, tukaimba mpaka mpiga piano akatabasamu.

Mwongozaji alitutazama kwa zamu. "Mmeimba vizuri sana. Tatizo ni kwamba hamuonekani kama ndugu."

"Lakini sisi ni ndugu," dada akasema. "Baba mmoja, mama mmoja."

"Naamini. Watazamaji ndio hawataamini."

Dada akachukuliwa. Kaka yake wa jukwaani akawa kijana wa Kijamaika kutoka mtaa wa Woolwich, hapohapo London. Mimi nikavishwa kilemba, nikawa mfanyabiashara wa Kihindi katika mchezo huohuo.

Mama akaja kututazama kutoka Edmonton, mtaa wa kaskazini mwa London alikoishi. Baadaye alitusubiri nje, mkoba kifuani.

"Yule kijana ni nani, mbona anakuita dada?" alimuuliza dada. Kisha akanigeukia. "Na wewe, mwanangu, Uhindi umeupata wapi?"

"Ndivyo wanavyopanga, mama," nikasema.

"Wanapanga kwa kutazama nini?"

Nilianza kumweleza, nikasita, nikaanza tena. Dada naye alikuwa akinisikiliza, kana kwamba mimi najua.