Beseni la Maître Patrice

Saa moja asubuhi, Kadutu, Bukavu. Murhula anapiga randa ubao wa kitanda. Mkewe, Colombe, anamwita kutoka mlangoni mara tatu. Wapi! Hata kichwa hainui. Colombe anagonga sakafu ya mbao kwa kisigino, na mumewe anageuka hapohapo.

"Chai iko tayari, papa," anamwambia usoni, polepole, asome midomo.

Murhula, miaka 54, alitumikia jeshi miaka tisa kwenye kikosi cha mizinga, masikio yamezibwa kwa vizibo vya kijani walivyogawiwa. Vilikuwa vifupi, mzinga ukilia, vinalegea. Bado anavyo, ndani ya kopo la maziwa, na hampi mtu avishike.

"Balituambia masikio itakuwa salama," anasema. "Bongo mutupu, walitudanganya!"

Sasa wastaafu thelathini na mmoja wanadai fidia mahakamani kwa kiwanda cha ng'ambo kilichouza vizibo hivyo. Wakili wao, Maître Patrice, aliamua kuwachuja kwanza. Uziwi, asema, ni rahisi kuigiza.

Alimkalisha Murhula ofisini, kaupa mlango mgongo. Karani wake, Jeanine, akaangusha beseni la chuma nyuma yake. Murhula akageuka. Wakili akaandika neno moja: anasikia. Jina likakatwa.

Ukisimuliwa hivyo tu, hata wewe utasema mzee kashikwa. Majirani walicheka wee. Colombe naye alimtazama kwa jicho la pembeni siku mbili nzima.

"Ile iliniuma kupita muzinga," anasema Murhula.

Siku ya tatu Colombe aligonga kisigino kumwita ale, mumewe akageuka. Kumbe! Ofisi ya wakili nayo ina sakafu ya mbao.

"Miye mwenyewe sikujua," anasema Murhula. "Beseni sikuisikia. Ni miguu njo ilisikia. Lakini huyu Maître, mbona alikimbilia kukata jina? Anatumikia nani?"

Alhamisi Murhula anarudi kwa wakili. Atadai ajaribiwe uani, penye saruji, na beseni atabeba lake. Asipogeuka, anataka jina lirudishwe mbele ya macho yake.

Jana walijaribu wenyewe, kwenye saruji ya jirani. Beseni lililia mpaka kuku wakatawanyika. Colombe alisimama pale, machozi yanamtoka. Murhula alikuwa bado amempa mgongo, akingoja.

"Angusha basi, maman," alisema.