Kitanda cha Bolti Nne

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikianza sipendi kukatizwa. Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinikuta mwenyewe, saa kumi na moja jioni, jua bado linawaka, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe. Padri wetu nilipomweleza alifungua kitabu chake cha sala. Mke wangu naye alirudi jikoni. Wewe fanya utakavyo.

Mimi ni seremala hapa Majengo, Mpanda. Natengeneza vitanda, makabati na, ndiyo, majeneza, watu hawaachi kufa. Nina Haisi ya kazi, nimeing'oa viti vyote vya nyuma, inabeba mbao. Sasa nikawa naona wageni wanaokwenda mbugani wanalala ndani ya magari yao, wamejipangia kitanda na jiko, raha tupu. Nikasema, kwani mimi nashindwa nini? Nikatengeneza masanduku mawili ya plaiwudi, moja kitanda, jingine jiko na droo za vyombo. Unayaingiza kwa mlango wa nyuma, kila moja unalikaza sakafuni kwa bolti nne, gari limekuwa nyumba. Jumatatu unafungua, unayatoa, gari linarudi kubeba mbao. Na kwa sababu mimi ni mtu wa kushuku, mke wangu anasema naweza kuishuku hata chumvi, kazi yote niliifanya mlango wa karakana umefungwa, fundi jirani asije akaniibia wazo langu.

Kosa langu liko hapa, sikiliza vizuri. Kwenye karakana yangu, mtu akifariki, ndugu hawaniiti nyumbani kumpima. Wanakata ufito wenye urefu wa marehemu, wananiletea. Jeneza likiisha, ufito unaondoka nalo, unazikwa naye. Haubaki kwangu hata siku moja, ndivyo nilivyofundishwa kazi. Wiki ile familia moja ya Kawajense ikaleta ufito. Nikaujaribu ndani ya gari, kutoka nyuma ya kiti cha dereva mpaka mlangoni. Ukakaa sawasawa. Nikaona ya nini kuhangaika na tepu, nikapimia kitanda changu. Walipokuja kuchukua jeneza walikuwa wanalia, hawakuulizia ufito, na mimi nilikuwa sijamaliza kukata mbao. Sikuwakumbusha. Nikasema moyoni, ni mti tu huu. Kitanda kilipokamilika nikausukumia chini ya godoro lake.

Safari ya kwanza nilimpeleka mama yangu kwa dada yake, kule Usevya. Mama ana goti bovu, hawezi kukaa kitako muda mrefu.

"Leo utasafiri umelala kama waziri," nikamwambia.

"Mawaziri wanalala kwenye plaiwudi?" akanijibu, tukacheka wote. Akajifunika kanga yake, akalala.

Tukapita Sitalike, tukaingia mbugani. Barabara ile inakatiza mbuga, na kushuka kwenye gari ni marufuku. Mbung'o nao walikuwa wengi, wanagonga vioo. Katikati ya pori mama akaniita, "Baba, kitanda chako kinagonga huku." Nikajua bolti imelegea. Nikasimama, nikachukua spana, nikazunguka nyuma na kufungua mlango.

Nilipogeuka, pana mtu amesimama barabarani.

Niambie wewe, nani anatembea kwa miguu mahali penye simba na nyati? Tena suti nyeusi, mpya, tai imekazwa, viatu havina hata chembe ya vumbi. Na mbung'o waliokuwa wananitafuna mimi, kwake hakutua hata mmoja.

"Habari ya safari, fundi."

"Nzuri." Nikajiambia ameona spana, ndiyo maana ananiita fundi. "Unatafuta nini humu?"

"Nimefuata kitanda. Alipolala bibi ni pangu."

Alaa! Moyo wangu ukasema, huyu ametumwa. Fundi jirani amenichungulia, sasa ananitumia tapeli na suti ya kuazima. Hasira zikanipanda.

"Bwana wee, mbao nimenunua mimi, jasho langu mimi."

"Mbao zako," akasema taratibu. "Urefu wangu. Sibishani na wewe, ila mtoe mama yako. Kila dakika anayolala hapo, anatoka kwako."

Mtu mwenye akili angemtoa mama yake palepale. Mimi nilibishana. Robo saa nzima, niamini, nimesimama mbugani nabishana. Nikamwambia nawajua watu wa aina yake. Nikamwuliza nani amemtuma. Nikamwomba kitambulisho! Akatia mkono mfuko wa koti, akatoa donge la pamba, akaniwekea kiganjani. "Nilichonacho ni hiki," akasema.

Pamba ile naijua. Nimeiona puani mwa watu wengi ninaowafungia mifuniko. Nikahisi baridi mpaka kwenye kucha, na hapo ndipo nilipokumbuka Kawajense na ule ufito.

"Mama! Amka, mama!" Nikamshika mkono, wa baridi. Akafumbua macho, akaniangalia muda mrefu namna watu wanavyomwangalia mpita njia, halafu akajivuta ubavuni mwa gari, mbali nami. Nikamburuta hivyo hivyo kwa makwapa mpaka kiti cha mbele. Nikafungua bolti, nikaanza kulivuta sanduku. Yule mtu akashika upande wa pili, tukalishusha wote wawili kwenye nyasi, mimi na yeye, kama mafundi wa karakana moja. Nikatoa ufito chini ya godoro, nikampa kwa mikono miwili. Nikasema, "Nisamehe, ndugu yangu."

Akalala. Kichwa kikagusa ubao wa huku, visigino vikagusa ubao wa kule. Ufito akauweka ubavuni.

"Asante, fundi," akasema amefumba macho. "Ila umechelewa kidogo."

Niliendesha lile gari mpaka Usevya sijui kwa mguu gani. Kesho yake asubuhi nikarudi na askari wawili wa mbugani. Sanduku hakuna, mtu hakuna, nyasi zimesimama wima, hazijalaliwa na chochote. Wakanigombeza kwa kusimama porini, wakasema kitanda kimeibwa. Nami natamani ingekuwa hivyo.

Mama yupo hai. Anakula, anaimba nyimbo za kanisani, anamjua dada yake, anamjua mke wangu, wajukuu wote anawataja kwa majina. Mimi tu hanijui. Daktari anasema ni uzee. Uzee gani huo unaochagua mtu mmoja? Namkasirikia daktari bure, maana aliyebishana ni mimi.

Kwa hiyo wewe unayetaka kugeuza gari lako la kazi liwe la kulala, geuza, ni kazi nzuri. Lakini pima kwa tepu. Cha marehemu mrudishie marehemu siku ileile, usiseme ni mti tu. Na akikutokea mtu akakuambia mwondoe mzazi wako hapo, mwondoe kwanza, kushuku utashuku baadaye.

Jana nimempelekea uji. Nilipoingia alikusanya kanga yake, akainuka na lile goti lake bovu, akainamisha kichwa. "Shikamoo, baba," akaniambia. "Unamtafuta nani hapa?" Nimesimama na bakuli mkononi. Hebu niambie, mtoto anaanzaje kuitikia marahaba kwa mama aliyemzaa?